Mbao ya Nje Ipakwe Nini? Tujifunze kwa Mafundi wa Majahazi



Kuna swali ninaloulizwa kila msimu wa mvua unapokaribia. Huuliza mkulima mwenye meza za mbao za kukaushia kahawa. Huuliza mama lishe aliyetandika jukwaa la mbao mbele ya banda lake ili wateja wasikanyage tope. Huuliza na mfugaji wa mbuzi ambaye banda lake limeinuliwa juu ya nguzo. Wote husema: "Bwana ugani, nipake nini maji yasiingie?" Na wengi huongeza: "Rangi sitaki, inabanduka. Acha mbao izeeke kwa sura yake, ila isioze."

Ni swali zuri. Pia ni swali la zamani sana. Watu wa pwani yetu walilijibu kabla ya duka la kwanza la rangi kufunguliwa. Leo nitakueleza walivyolijibu, kwa nini jibu lao lilifanya kazi, na kwa nini ukilinakili bila kulielewa utapoteza mbao na fedha. Mwishoni nitakupa hatua za kufuata.

Kijivu si kuoza

Kabla ya historia, tuweke jambo moja sawa, maana hapa ndipo wengi wanapotupa fedha.

Mbao ikikaa nje bila kupakwa rangi, baada ya miezi kadhaa hupoteza wekundu au umanjano wake na kugeuka kijivu. Wengi huona hivyo wakadhani imeanza kufa. Sivyo. Ndani ya mbao kuna kitu kiitwacho lignini, ambacho ni kama gundi inayoshikilia nyuzi zake. Mwanga wa jua huivunja gundi hiyo juu juu, mvua ikaiosha, zikabaki nyuzi zenye rangi ya kijivu. Kazi hiyo hufanyika kwenye ngozi ya mbao tu. Kwa mbao laini kama za misindano, hali ya hewa hula takribani milimita 6 kwa miaka 100. Wewe na mimi hatutakuwepo kuona ubao ukiisha kwa jua.

Kuoza ni jambo lingine. Kuoza ni kazi ya kuvu. Kuvu ni kiumbe hai, anataka chakula, hewa, joto na maji. Chakula ni mbao yenyewe, na hewa na joto tunavyo tele. Unachoweza kumnyima ni maji tu. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu hawezi kuila. Ikilowa na kukauka upesi, hapati nafasi. Ikilowa ikabaki imelowa, ndipo anapoanza kula kimyakimya.

Kwa hiyo maji kugusa mbao si hatari. Hatari ni maji kukaa ndani yake. Shika neno hili, maana historia yote inayofuata imejengwa juu yake.

Karne nyingi za mafuta ya papa

Chombo cha baharini ndicho kazi ngumu kuliko zote za mbao. Jua kali, chumvi, mawimbi, mvua, na wadudu chini. Ukitaka kujua mbao ya nje inalindwaje, muulize fundi wa vyombo.

Katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki aliyeishi Misri aliandika kitabu cha safari za Bahari ya Hindi, kinachojulikana kama Periplus. Ndani yake anaitaja pwani yetu, na soko liitwalo Rhapta, jina alilolihusisha na vyombo vilivyoshonwa. Naam, vilishonwa. Mafundi walitoboa matundu pembezoni mwa mbao wakazifunga kwa kamba, bila misumari ya chuma. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulikuwa wa ukoo huo: mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na tanga lake ni mkeka. Mitepe iliendelea kusafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Chombo cha namna hiyo hucheza. Mbao zake hujikunja na kujinyoosha kila wimbi linapopita. Ukikipaka kitu kigumu kama ganda, ganda litapasuka siku ya kwanza. Kwa hiyo walipaka mafuta.

Mwaka 1183 msafiri Mwarabu kutoka Andalusia, Ibn Jubayr, alipita bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu akielekea Makka. Aliviangalia vyombo vya huko, navyo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi, akaandika kwamba vikiisha kujengwa hupakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na kwamba ya papa ndiyo bora. Sababu aliyoitaja ni hii: mbao ilainike isivunjike inapogonga miamba. Karibu miaka 100 baadaye Marco Polo wa Venice alifika Hormuz kwenye Ghuba, akaona vyombo vya kushonwa vilivyopakwa mafuta ya samaki badala ya lami. Yeye hakuvisifu. Alisema ni dhaifu na vingi huzama.

Sisi mafuta hayo tunayaita sifa. Huchemshwa kutoka kwenye maini ya papa na samaki wengine, na harufu yake wavuvi wanaijua. Ukishuka leo Nungwi, Kilwa, Bagamoyo au Lamu, bado utakuta watu wanaolipaka jahazi au ngalawa sifa. Angalia ubavu wa chombo kilichotumika miaka mingi: mbao ina rangi ya majivu na kahawia, imezeeka usoni, lakini ukiigonga inalia kwa sauti ya mbao nzima.

Sifa inafanya nini hasa? Inaingia ndani ya vinyweleo vya mbao, haikai juu kama ngozi. Maji yanapofika hukuta vinyweleo vina mafuta, yakaingia polepole. Jua linapowaka, unyevu uliomo hutoka polepole vilevile. Mbao isiyovimba haraka wala kunywea haraka haipasuki. Na kwa kuwa hakuna ngozi juu yake, maji yakiingia yana njia ya kutokea. Mafuta yakipungua, huhitaji kukwangua wala kuchoma. Unaosha, unasubiri ikauke, unapaka tena.

Deheni: dawa ya sehemu nyingine

Sasa angalia jahazi likiwa limelala mchangani maji yakiwa yamekupwa. Juu ni kahawia na kijivu, chini ni jeupe. Weupe ule si pambo.

Sehemu inayokaa ndani ya maji ina adui mwingine. Kuna kiumbe wa baharini wa jamii ya chaza, mwenye umbo kama mnyoo, anayetoboa mbao na kuishi humo. Nje utaona tundu dogo, ndani ubao umekuwa sega la nyuki. Sifa haimzuii. Kwa hiyo mafundi walitengeneza deheni: chokaa iliyochanganywa na shahamu ya mnyama na kupondwa hadi iwe uji mzito, kisha ikapakwa kwa mkono kwenye tumbo la chombo. Chokaa na mafuta vikikutana huzaa aina ya sabuni isiyoyeyuka majini, hivyo tumbo la chombo linapata koti jeupe. Kabla ya kupaka walilikwangua tumbo, na wengine walilibabua kwa moto wa makuti ili kuua kilichoingia. Kazi hiyo ilirudiwa kila baada ya miezi michache, mwaka hadi mwaka.

Na katikati ya ubao na ubao wakashindilia kalafati, yaani pamba au nyuzi zilizotiwa mafuta.

Ona busara iliyopo hapo. Chombo ni kimoja, fundi ni mmoja, lakini dawa ni tatu kwa sehemu tatu. Juu kunakopigwa na jua, mafuta. Chini kunakokaa majini, deheni. Kwenye maungio, kalafati. Fundi hakuuliza "dawa ya mbao ni ipi?" Aliuliza "sehemu hii inakutana na nini?"

Swali hilo ndilo nataka ulichukue uende nalo kwenye meza yako ya kahawa. Mguu unaogusa udongo haukutani na kitu kilekile kinachokutana na ubao wa juu.

Siri ambayo haikuwa kwenye mafuta

Hapa niseme jambo ambalo wanaosifu mambo ya kale hulisahau.

Husemwa: "Babu zetu walipaka mafuta tu, na mbao ikadumu." Ni kweli walipaka. Lakini walipaka mbao gani? Fundi wa pwani alitafuta mvule, msaji, mfenesi, mninga, mtondoo. Milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ilichongwa kwa msaji na miti mingine migumu. Miti hiyo kiini chake kina kemikali za asili ambazo kuvu na mchwa hawazipendi. Mafuta yalikuwa msaidizi. Ulinzi wenyewe ulikuwa ndani ya mti tangu ulipokua.

Chukua mfano wa boriti. Kwa karne nyingi vyombo kutoka Arabuni na Ghuba vilikuja na kaskazi, vikarudi na kusi vikiwa vimesheheni nguzo za mikoko. Mwaka 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la watu wa Kuwait huko Aden, akafika nalo Zanzibar na kisha delta ya Rufiji, walikopakia nguzo hizo. Kule Ghuba ziliezekea nyumba, kwa sababu nchi ile haina miti ya kujengea. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar nazo zimebebwa na boriti, na upana wa vyumba vyake vya kale ulipimwa kwa urefu wa boriti. Ziko ambazo zimedumu vizazi na vizazi. Zilipakwa nini? Zilikaa kavu, chini ya dari na paa. Nyumba ya namna hiyo ikiachwa paa livuje, boriti ileile iliyodumu vizazi huoza katika miaka michache.

Kwa hiyo mpangilio wa ulinzi wa wazee ulikuwa hivi: kwanza mti sahihi, pili kuuweka pasipotuama maji, tatu mafuta. Sisi leo tunaanza na la tatu, na mara nyingi tunaishia hapohapo.

Na mti sahihi sasa ni adimu. Mvule na mninga havipatikani kwa bei ya mkulima, na kuukata ule wa porini bila kibali ni kosa. Mikoko nayo ni msitu wa hifadhi, nguzo zake hazikatwi bila kibali. Mbao iliyopo sokoni kwako ni msindano au mkaratusi wa umri mdogo, mingi kutoka mashamba ya Nyanda za Juu Kusini kama Sao Hill, Mufindi. Si mbao mbaya. Lakini mti mdogo una sehemu kubwa nyeupe ya nje na kiini kidogo, na ile sehemu nyeupe haina kinga yoyote, hata kwa mti mgumu. Ukiipaka mafuta ukaichimbia ardhini, mchwa atakushukuru.

Zama za mapipa ya chuma

Wazungu nao waliishiwa miti migumu walipoanza kujenga reli, maana reli inataka mataruma mengi yanayolala ardhini. Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hataza ya njia ya kuingiza mafuta yatokanayo na lami ya makaa ya mawe ndani ya mbao. Mbao hufungiwa ndani ya pipa kubwa la chuma, hewa ikavutwa, kisha dawa ikasukumwa kwa nguvu hadi ndani. Dawa hiyo ndiyo kriosoti. Nguzo nyeusi za zamani zenye harufu kali zimetokana na kazi hiyo.

Mwaka 1933 mwanasayansi wa India, Sonti Kamesam, alibuni dawa nyingine ya maji iliyochanganya shaba, kromiamu na aseniki. Shaba huzuia kuvu, aseniki huzuia wadudu, na kromiamu huzifunga zote mbili ndani ya mbao. Mbao hutoka na rangi ya kijani hafifu. Hii ndiyo iliyowezesha mti laini wa shambani kusimama ardhini miaka mingi kama mti mgumu wa porini, na nguzo nyingi za umeme na simu katika nchi zetu zimetibiwa hivyo.

Lakini aseniki ni sumu. Marekani viwanda viliacha kuitumia kwa mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003, zikiwemo mbao za majukwaa na viwanja vya michezo ya watoto.

Sasa sikiliza vizuri, hapa pana maisha ya watu. Nguzo iliyotibiwa ikikaa ilipo haina shida kubwa kwako. Shida huanza inapoanguka, ikakatwa, na vipande vikaingia jikoni. Usichome kamwe kipande cha nguzo kilichotibiwa. Moshi wake una sumu. Majivu yake ni mabaya zaidi, maana aseniki hubaki humo ikiwa nyingi mahali padogo, na ng'ombe hupenda kulamba majivu kwa ajili ya chumvi. Wapo ng'ombe waliokufa kwa kulamba majivu hayo. Usiyaweke kwenye mboga, usihifadhie maharage, usimwagie bustani. Usitumie vipande hivyo kutengeneza hori, mzinga wa nyuki, kibao cha kukatia wala sakafu ya ghala inayogusa nafaka.

Oili chafu: desturi tuiache

Nikipita vijijini naona nguzo na meza nyeusi zilizopakwa oili chafu ya gari au pikipiki. Ni rahisi kupatikana, ndiyo maana imeenea. Wengine husema ni sifa ya kisasa. Si kweli.

Sifa hukauka kiasi ndani ya mbao kwa sababu mafuta ya samaki yakikutana na hewa huganda. Oili ya injini haigandi. Hubaki majimaji, mvua huiosha ikaingia ardhini na kisimani. Ndani yake kuna masalia ya injini, zikiwemo metali nzito. Na harufu yake! Kahawa hunyonya harufu ya jirani yake. Ukianika kahawa kwenye meza ya oili, mwonjaji ataijua kwenye kikombe, na mzigo wako wote utashushwa daraja. Jasho la msimu mzima litaishia kwenye lita 2 za oili ya bure.

Sasa ufanye nini

Tufuate mpangilio wa wazee: mti, mahali, kisha mafuta.

*1. Chagua mbao.* Kwa nguzo zinazogusa chini, tafuta kiini cha mti mgumu wenye kibali, au nguzo iliyotibiwa kiwandani. Kwa mbao za juu zisizogusa ardhi, msindano au mkaratusi uliokauka unatosha ukizingatia hatua zinazofuata. Mbao mbichi usiijenge. Ipange kivulini ikiwa imetenganishwa kwa vijiti, ikae miezi michache.

*2. Iinue.* Nguzo ya meza au jukwaa isizikwe kama unaweza kuepuka. Isimamishe juu ya jiwe au zege lililopanda angalau sentimita 15 juu ya udongo, ili mvua ikidunda isiilowanishe na mchwa akipanda umwone. Hatua hii inashinda kila mafuta utakayonunua.

*3. Acha njia ya maji na upepo.* Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya unene wa penseli. Jukwaa lilale kidogo upande mmoja ili maji yatiririke. Chini yake kuwe wazi, usirundike kuni wala takataka.

*4. Anza na vichwa vya mbao.* Ncha zilizokatwa kwa msumeno hunywa maji mara nyingi zaidi kuliko uso wa ubao, maana mishipa ya mti imefunguka pale. Zipake mafuta mara 3 au 4 hadi zisinywe tena. Ukimaliza kutoboa tundu la msumari au parafujo, tia mafuta humo pia.

*5. Paka mafuta yanayoganda.* Kama sifa haipatikani au hutaki harufu yake, tumia mafuta ya kitani yanayouzwa maduka ya rangi, au dawa ya kuzuia maji inayoingia ndani ya mbao na yenye kinga ya kuvu. Muulize mwenye duka: "Hii inaingia ndani au inakaa juu?" Ukitaka mbao izeeke kwa sura yake, chukua inayoingia ndani. Vanishi na rangi hukaa juu kama ngozi. Zikipasuka mahali padogo, maji huingia na hayapati pa kutokea, na mbao huozea ndani ya koti lake zuri. Mafuta ya kula, kama ya nazi, mawese au karanga, hayagandi vizuri. Hubaki yananata, yakakusanya vumbi na ukungu.

*6. Paka wakati wa ukavu.* Kwenye maeneo ya mvua mbili, Januari hadi Februari kabla ya masika ni wakati mzuri, au Agosti hadi Septemba kabla ya vuli. Mbao iwe imepigwa jua siku kadhaa. Paka nyembamba, subiri kama nusu saa, kisha futa yote yaliyobaki juu kwa kitambaa. Rudia kesho yake. Mafuta mengi yanayobaki juu hayasaidii, hualika ukungu mweusi. Ukungu ukitokea, osha kwa maji, sabuni na brashi, acha ikauke, kisha paka tena.

*7. Angalia moto.* Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje wala kuvirundika. Hupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje hadi vikauke, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

*8. Penye chakula usipake.* Kwenye meza za kahawa, kakao au mboga, paka miguu na fremu ya chini tu. Pale mazao yanapolala tumia wavu safi au mkeka.

Neno kwa ndugu zangu wa Mtwara na Lindi: mafuta ya ganda la korosho huzuia maji na wadudu, lakini huunguza ngozi vibaya. Usiyashike bila glavu, usiyachemshe ndani, na usiyaweke karibu na chakula wala mahali pa kukalia.

Vipimo viwili vya bure

Kila mwaka kabla ya mvua, fanya mambo mawili.

Mwaga kijiko cha maji juu ya ubao. Yakisimama kama vitone juu ya jani la mgomba, mafuta bado yapo, usitumie fedha. Yakizama na ubao ukawa mweusi ndani ya dakika chache, ni wakati wa kupaka.

Kisha chukua msumari mkubwa, usukume kwa mkono kwenye maungio, kwenye vichwa vya mbao na pale nguzo inapokaribia ardhi. Ukigoma, mbao ni nzima hata ikiwa ya kijivu kama mvi. Ukizama kama kwenye muhogo uliooza, badilisha kipande hicho leo. Kwa jukwaa linalokaliwa na wateja, au banda la juu ambalo mtoto hupanda kulisha mifugo, usisubiri kesho. Mafuta hayarudishi uhai wa mbao iliyooza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe unaweza kuwa mguu uliovunjika.

Kwa fedha pia hesabu ni nyepesi. Kazi ya kuinua nguzo juu ya jiwe hufanyika mara moja. Kupaka mafuta ni kazi ya asubuhi moja au mbili kwa mwaka. Mbao usiyoibadilisha mwaka huu ni fedha ya mbegu iliyobaki mfukoni, na ni mti mmoja uliobaki shambani ukikua.

Kwa hiyo ukikutana na ubao wako umegeuka kijivu, usikimbilie duka la rangi. Mpe maji kijiko, msukumie msumari, kisha ujiulize kama fundi wa jahazi: sehemu hii inakutana na nini? Jibu ndilo litakalokuambia kama utafute mafuta, jiwe la kuinulia, au ubao mpya.